Andika bei, andika tarehe

Juni 2024, vijana wa Kenya, Gen Z, walipokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya, kazi yangu ilikuwa ndogo: kutengeneza picha za statasi ya WhatsApp nikiwa Kayole, mtaa wa Nairobi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilifanya hivi.

Pakua muswada wenyewe kwenye tovuti ya Bunge, usitegemee fowadi, jumbe zinazopitishwa tu. Chagua pendekezo moja, uligeuze liwe bei. "VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate" haikumshtua mtu. Nikaandika "Mkate wa 65 utafika 75", nikamtumia mama mboga wetu asubuhi. Jioni ilinirudia kutoka kwa shangazi yangu Kakamega. Ushuru wa magari wa asilimia 2.5 niliuandika hivi: "Gari la Probox la 800,000, toa 20,000 kila mwaka." Madereva wa stejini wakamalizia kazi.

Halafu rekodi sauti kwa lugha ya nyumbani. Kiingereza cha muswada ni cha mawakili, na nyanya yangu hata Kiswahili hasomi. Sekunde 40 zatosha; ikizidi hapo, ni mahubiri.

Tarehe usisahau. Hapa niliumbuka. Juni 18, siku vijana walipoingia barabarani Nairobi, kodi ya mkate na ile ya magari ziliondolewa kwenye muswada. Picha yangu haikuwa na tarehe, ikazidi kuzunguka, nikaitwa mwongo kwenye grupu la mtaa. Sasa tarehe hukaa juu kwa herufi nene, na toleo jipya likitoka naandika: "Futa ya jana."

Hashitegi moja tu. Wote tulitumia #RejectFinanceBill2024, hata waliokuwa na majina matamu zaidi. Maswali marefu yapeleke kwenye vikao vya sauti vya X usiku.

Namba za wabunge zilisambaa, watu wakawa "wanawasalimu", yaani kuwamiminia simu na jumbe. Ukimwandikia mbunge wako, taja kifungu na kura unayotaka. Matusi humpa sababu ya kukublock. Familia yake iache.

Picha za maandamano zifiche nyuso kabla hujazituma. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, lakini picha ikishatoka huirudishi.

Juni 25 intaneti iliyumba nchini. Kwa hiyo kubalianeni mapema mahali pa kukutana, na namba ya wakili na ya nyumbani ziandike mkononi kwa kalamu ya wino.