Taa nyekundu baada ya pili (dawa ya kubandua ngozi ya juu), leza au maikronidling: namna ya kuitumia bila kujiharibia ngozi

Jamani tangu nifanye maikronidling, yaani kutobolewa ngozi kwa visindano vidogo, ya makovu ya chunusi kila anayenikuta nyumbani na ile maski ya taa inawaka usoni anauliza hiyo kitu inafanya kazi kweli au ni urembo wa Instagram tu, na watoto wa dada yangu wenyewe walikimbia wakasema mamdogo kawa jini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa.

Kwanza ujue inachofanya. Mwanga mwekundu wa kama nanomita 630 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) na infraredi ya 830 hivi unaingia ndani ya ngozi, seli zinaunyonya kwenye mitokondria, pale pale zinapotengenezea nguvu, basi zinapata nguvu ya kukarabati na uvimbe unashuka mapema kidogo. Si mwanga wa kuchoma kama UV ya jua. Na wazo lenyewe sio la juzi, miaka ya 1960 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, alinyoa panya akawamulika na leza ya nguvu ndogo kuangalia kama itawaletea kansa, kansa haikuja ila manyoya yakaota haraka kuliko ya wale ambao hawakumulikwa. Lakini usitegemee miujiza, taa inasaidia kutuliza tu, kovu la shimo halijazwi na taa.

Kosa langu mimi lilikuwa rangi. Nilinunua maski ya rangi saba, zile zenye rimoti, nikasoma mahali kwamba bluu inaua vijidudu vya chunusi, na ni kweli bluu ya nanomita 415 inatumika kwa chunusi, basi siku ya tatu baada ya nidling nikajiwekea bluu nusu saa huku naangalia tamthilia. Wiki mbili mbele mashavu yote yana vivuli vyeusi, kama mtu kanipaka masizi, imechukua miezi kufifia. Siwezi kuapa ni bluu peke yake maana jua nalo sikulikwepa vizuri, ila baadaye ndo nikaelewa kwamba mwanga wa bluu unaiamsha melanini, ile rangi ya ngozi yenyewe, kwenye ngozi nyeusi na weusi wake unakaa muda mrefu, wakati mzungu mweupe anamulikwa hivyo hivyo na habaki na kitu. Kwa hiyo ngozi zetu zikiwa mbichi ni nyekundu na infraredi, basi. Kijani, zambarau na nini sijui, achana nazo.

Sasa kununua. Angalia kwenye boksi kama wameandika nanomita, kama hawajaandika chochote zaidi ya "beauty" rudisha. Balbu iliyopakwa rangi nyekundu sio taa ya tiba hata muuzaji akuapie kwa mama yake. Infraredi haionekani kwa macho, kwa hiyo unaweza kudhani nusu ya taa zimekufa, washa kamera ya selfi ya simu yako uangalie maski kwenye kioo cha simu, utaona vidoa vya zambarau au vyeupe vinawaka. Jaribu kwanza na rimoti ya TV, bonyeza huku unaangalia kwenye kamera, ukiona kitaa kinamulika ujue kamera yako inaiona infraredi. Ukielekeza kwenye maski usione kitu, hiyo infraredi ulioandikiwa kwenye boksi haipo.

Dozi pia ina hesabu yake, rahisi tu. Tafuta miliwati kwa sentimita ya mraba, zidisha kwa sekunde, gawa kwa 1000, unapata juli, kipimo cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba. Miliwati 30 kwa dakika 10 ni juli 18, inatosha kabisa kwa siku. Usiseme ngoja nikae saa nzima nipone haraka, ukizidisha faida inaanza kurudi nyuma. Kuna majaribio ya Marekani walipandisha taa nyekundu hadi dozi kubwa mno, ngozi za rangi zikafika kikomo kwenye juli 320 wakati weupe walienda hadi 480, maana melanini inakula mwanga mwingi.

Siku yenyewe ya kufanyiwa, kama klinik wana taa yao waache wakuwekee wao. Nyumbani mi nasubiri angalau saa 24, vitobo viwe vimefunga na hakuna majimaji, kwa leza kali au pili ya kina huanzi mpaka daktari aseme. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, kausha kwa kugusagusa sio kusugua, usipake kitu chochote, krimu za retinoli na vitamini C ziweke kabatini kwanza. Maski ifute na spiriti uiache ikauke kabisa kabla haijagusa uso, hii watu wanairuka halafu wanashangaa vipele. Vaa miwani yake ufumbe macho. Dakika 10, mara 3 hadi 5 kwa wiki, wiki mbili za mwanzo. Ukimaliza mafuta mepesi ya kulainisha, mchana sanskrini, na ukipata ile yenye rangi ya ngozi yenye oksaidi ya chuma ni bora zaidi kwetu kwa sababu inazuia hadi mwanga wa kawaida. Na mama ntilie wenzangu, ule mvuke na moto wa jiko la mkaa usoni siku hizo za kwanza unaharibu kuliko unavyodhani, mwachie mtu mwingine chapati.

Usiiguse kabisa bila kumuuliza daktari kama unatumia antibayotiki ya doksisaiklini, vidonge vya chunusi vya isotretinoini, au vidonge vya presha vya hidroklorothiazaidi, au una lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia), kifafa, au shida ya retina nyuma ya jicho. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena walirudisha maski yao ya chunusi kutoka sokoni kwa tahadhari ya macho ya watu wachache wa namna hiyo. Na kama umetoka kwenye mkorogo, sema ukweli klinik kabla hata ya sindano, ile ngozi imechakaa na taa haiwezi kuiokoa.

Kitu cha mwisho, kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usisubiri kuona nyekundu ndo ujue ngozi imechukia. Gusa kwa mgongo wa kiganja, ikiwa ya moto, inavuta, au imegeuka kahawia ya kung'aa, pumzisha taa siku mbili tatu. Ukiona usaha, homa, au malengelenge madogo yamekusanyika karibu na mdomo yanawasha na kuuma, zima kabisa urudi kwa aliyekufanyia siku hiyo hiyo, yale ya mdomoni mara nyingi ni kirusi cha hepesi kimeamshwa na pili na kinataka dawa yake.