Kumzoeza kuku wa kufuga, na kujua kama kweli amekuzoea

Kuku akikukimbilia kila asubuhi, usijipongeze mapema. Huenda anakimbilia kopo la chakula, na yeyote atakayelishika atapokelewa vivyo hivyo. Hata hivyo kuku hutofautisha mtu na mtu, hukumbuka nani alimkurupusha na nani alimlisha, na baadhi yao humchagua mtu mmoja hata akiwa mikono mitupu. Hicho ndicho cha kutafuta, na hujengwa polepole.

Ukianza na vifaranga

Saa na siku za kwanza baada ya kuanguliwa ndizo zenye thamani kubwa. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza jinsi vifaranga wachanga wanavyofuata kitu chochote kinachotembea mbele yao. Wale aliowafunika macho hadi karibu siku ya nne, alipowafunua walimkimbia kwa hofu. Funzo kwa mfugaji ni moja: mkono wako uwe jambo la kawaida kabla hofu haijakomaa, yaani ndani ya siku tatu za mwanzo.

Laza kiganja sakafuni mwa boksi la kulelea, weka punje chache za chakula juu yake, tulia. Dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, zinatosha. Mkono uingie kutoka ubavuni, chini. Ukishuka kutoka juu, kifaranga anaona mwewe, na hilo halihitaji kufundishwa. Usimtoe kwenye joto zaidi ya dakika chache katika wiki ya kwanza, kwa sababu wakati huo anahitaji takribani nyuzi 35 za Selsiasi, na kifaranga anayetetemeka hajifunzi chochote kizuri kuhusu wewe.

Vifaranga wakiwa na mama, kazi inahama kwake. Mama akipiga ukelele wa hatari kila unapofika, watakuogopa hata ukiwapa kumbikumbi. Kwa hiyo mzoeze yeye kabla hajaanza kuatamia.

Ukianza na kuku mzima

Chagua saa moja ya siku na usiibadilishe. Nguo zifanane siku za mwanzo. Kofia mpya au mwavuli vinatosha kulitawanya kundi. Keti chini au kwenye kigoda kifupi, kaa kiupande badala ya kumkabili, kisha toa sauti ileile kila mara kabla ya kutupa chakula.

Tupa punje kama mita mbili kutoka ulipo. Kuku wakila bila kuinua kichwa kila sekunde, punguza hadi mita moja, halafu karibu na miguu, halafu kwenye kiganja kilicholala ardhini. Kipimo cha kusonga mbele ni shingo yake: ikiwa ndefu, wima, na mwili umebana, rudi hatua moja. Mwingine atakula kiganjani ndani ya wiki, mwingine atachukua miezi. Kuku wa aina ya Silkie na Orpington kwa kawaida ni wapole. Leghorn ni mwepesi kushtuka, na hata akizoea mara nyingi hapendi kushikwa. Hiyo ni tabia yake, usiichukulie kuwa umeshindwa.

Chakula cha kumshawishi kiwe kidogo lakini kitamu: mchwa, funza waliokaushwa, mahindi yaliyoparazwa. Kuku anayetaga hula takribani gramu 110 hadi 130 kwa siku, na vitafunwa visizidi sehemu ya kumi, yaani gramu 11 hadi 13. Ukizidisha, ataacha chakula chenye kalsiamu, maganda ya mayai yatakuwa mepesi na mafuta yatajaa mwilini. Usimpe maharage mabichi, parachichi wala chochote chenye ukungu.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kumkimbiza. Ukimfukuza mara moja tu hadi umkamate kwenye kona, unarudi mwanzo. Ikibidi umtibu, msubiri apande kwenye fito usiku, kisha umchukue kwa mwanga hafifu. Kuku haoni vizuri gizani na hatahangaika sana. Kama kuna mtu mwingine, afadhali yeye ndiye atoe dawa.

Kumshika bila kumkosea

Anza kwa kumgusa kidarini, si mgongoni. Siku atakapovumilia, pitisha kiganja chini ya kidari, miguu ikae katikati ya vidole, na mkono wa pili uzibane mbawa taratibu. Usimkumbatie kwa nguvu. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Mfupa wa kidari lazima upande na kushuka ndipo avute hewa, kwa hiyo mtoto mwenye mapenzi mengi anaweza kumziba pumzi bila kujua. Mwachie akiwa ametulia, miguu ikiwa imegusa ardhi. Ukimwachia katikati ya kufurukuta, umemfundisha kwamba kufurukuta kunalipa.

Wakati wa kunyonyoka manyoya acha kumshika kabisa. Manyoya mapya yanayochomoza yana damu ndani, na kuyagusa kunamuumiza.

Dalili zinazodanganya

Tembe aliyekaribia kutaga huchuchumaa na kufungua mbawa kidogo unapomwinamia. Wengi huita hayo mapenzi, kumbe ndivyo anavyojiweka kwa jogoo apandwe. Ni dalili kwamba mayai yako njiani, basi.

Kuku aliyelazwa chali akanyamaza hajalala wala hajatulia. Anaganda kwa hofu, kama afanyavyo akiwa mdomoni mwa adui. Mchezo huo ulishaandikwa na Athanasius Kircher mwaka 1646, na bado watu huurudia kwa kufurahisha wageni. Uache.

Hatari zaidi ni kuku mkali ambaye ghafla anakubali kushikwa. Chunguza kinyesi, rangi ya kilemba, gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) na pumzi, kwa sababu upole wa siku moja mara nyingi ni ugonjwa.

Dalili za kuaminika zina utulivu ndani yake: anakuja wakati gole limejaa, anajichambua manyoya au kuoga vumbi karibu na miguu yako, anasinzia pajani, anatoa mlio laini wa kukoroma huku macho yakifumba nusu. Mnyama anayeliwa na wengi hafumbi macho mbele ya asiyemwamini.

Kupima

Baada ya kumlisha akashiba, keti mita tatu kutoka kwa mtu mwingine asiyemlisha, wote mmevaa nguo zinazofanana na mikono iko wazi. Kuku aachiwe katikati, na mtu wa tatu ndiye amwachie. Hesabu amemwendea nani kwanza. Badilishaneni nafasi kila mara, maana kuku anaweza kupenda kivuli badala ya mtu. Fanya mara 10 kwa jumla, ukizigawa katika siku kadhaa. Akikujia mara 8 au zaidi, haielekei kuwa ni bahati tu. Akija mara 5, amezoea watu kwa jumla.

Usijaribu kuongeza mapenzi kwa kumfuga peke yake. Kuku mpweke hukung'ang'ania kwa kukosa wenzake, na huteseka. Kundi lisipungue watatu.

Kuhusu pora, yaani jogoo mchanga, sheria ni tofauti. Aliyelelewa peke yake mikononi mwa watu huwahesabu kama kuku wenzake, na akikomaa huwapiga teke au kuwapanda. Mlee pamoja na wenzake, mwekee chakula chini awaite mitetea, na usimbebe kila mara. Akianza kukuzunguka huku ameshusha ubawa mmoja, anakuchumbia au anakutisha. Usikimbie, usimpige, simama hadi aondoke.

Na hata kuku mpole kuliko wote anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu, bila yeye kuugua. Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, usimbusu, usimwingize jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wamwangalie bila kumshika.