Kuchagua na Kutumia Risasi ya .44 Magnum

Kabla ya kununua hata boksi moja, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wa bastola yako. Ikiwa yanasema .44 Special, jina la risasi ya zamani iliyo dhaifu zaidi, usitie .44 Magnum, ingawa unene wa risasi hizo mbili ni sawa. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuijaza .44 Special baruti kupita kiwango cha kiwandani, kwa kuwa kuta za silinda ya bastola yake, yaani sehemu izungukayo yenye matundu ya risasi, zilikuwa nene kuliko za bastola za .45. Kampuni za silaha za Remington na Smith & Wesson zilipoitoa .44 Magnum kutokana na majaribio hayo, katikati ya miaka ya 1950, ganda linaloshika baruti lilirefushwa kwa milimita 3 hivi, makusudi, ili risasi mpya isitoshee katika silinda za zamani ambazo zingeweza kupasuka.

Kinyume chake kinaruhusiwa, na kwa anayeanza naona ndiyo njia bora: bastola ya .44 Magnum hupiga .44 Special salama, tena kwa kishindo anachoweza kukimudu. Baadaye safisha matundu ya silinda, kwa maana masizi ya ganda fupi huzuia ganda refu kukaa sawasawa. Kinga za masikio na miwani si jambo la kujadiliwa.

Kwa kulungu, katika majimbo ya Marekani yanayoruhusu uwindaji wa bastola, kichwa, yaani sehemu ya risasi inayoruka, cha greni 240 (gramu 15.6 hivi), chenye shimo mbele kinachokifanya kitanuke, kinatosha. Mwendo wake hukaribia mita 400 kwa sekunde, kutegemea urefu wa mtutu. Usizidishe mita 100, na wengi wetu tungefaa kuishia nusu yake. Wanaotembea penye dubu, kama Alaska, huchagua kichwa kigumu cha greni 300 kisichotanuka, kwa sababu wanachohitaji ni kupenya kwa kina.

Risasi hiyohiyo hutumika katika bunduki fupi za wenzo, zinazoingiza risasi kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini yake, ambamo mwendo hupita mita 500 kwa sekunde. Humo tumia vichwa bapa tu, kwa kuwa risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya mrija, na ncha kali inaweza kugonga fataki, yaani kiwasha baruti kilicho kitakoni, ya iliyo mbele yake.

Katika bastola nyepesi, piga risasi chache, kisha kagua zilizobaki kwenye silinda: kikiwa kichwa chochote kimechomoka kidogo kutoka kwenye ganda kwa nguvu ya mrudisho, badilisha aina ya risasi, kwa sababu kikichomoza mbele kitaizuia silinda kuzunguka.