Kombe mwenyeji na kombe mgeni: tembea na ndoo mbili

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima kombe, wale wanyama wa magamba mawili wanaojizika mchangani ufukoni, niliwatia wote ndoo moja. Idadi ilipanda, tukafurahi, wavunaji wakaongezewa siku. Kumbe waliokuwa wakiongezeka ni wageni, yaani aina iliyoletwa kutoka mbali. Wenyeji, aina ya asili ya pale, walikuwa wakipukutika ndani ya jumla ileile iliyotufurahisha. Tangu hapo nabeba ndoo mbili: ya kwanza ya wageni, ya pili ya wenyeji.

Anza kwa kujifunza kuwatofautisha. Ninaowafahamu zaidi ni wa Ulaya: mwenyeji ni Ruditapes decussatus, mgeni ni Ruditapes philippinarum wa Asia, aliyeletwa kwa ufugaji Ufaransa katika miaka ya 1970 na lagoni ya Venice mwaka 1983. Usiliamini gamba peke yake, kwani mgeni ana rangi na mistari ya kila namna. Mweke kombe kwenye bakuli la maji ya bahari, umwache atulie mpaka atoe mirija yake miwili. Ya mwenyeji imeachana tangu shinani. Ya mgeni imeshikana shinani, ikaachana karibu na ncha. Kazi hii haitaki pupa. Kombe anayejua kuwa unamchungulia hatoi kitu.

Kisha subiri bamvua, maji yakipwa sana. Tandaza kamba kutoka juu ya ufuko hadi ukingo wa maji, na kila baada ya hatua kumi laza fremu ya mraba ya nusu mita. Chimba sentimita 15, upitishe mchanga kwenye chekeche. Ukichimba kijuujuu utampunja mwenyeji, maana yeye hujizika chini zaidi kidogo. Andika aina na urefu wa kila mmoja. Macho yangu huenda kwanza kwa wachanga: fremu yenye wenyeji wakubwa watupu, bila hata mtoto mmoja, hunikosesha usingizi kuliko fremu tupu. Mwakani rudi palepale, msimu uleule, na chekeche ileile.

Kipimo cha kuvuna kiwe tofauti kwa kila aina. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa upande wa Atlantiki inataka milimita 40 kwa mwenyeji na 35 kwa mgeni. Kibao chenye matundu mawili kinatosha. Wadogo warudishwe papo hapo, wasambazwe, wasirundikwe juani.

Ndoto ya kumng'oa mgeni kabisa iache. Lava wake, yaani vichanga wasio na umbo la kombe bado, huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, na mashine za kukokota zitatibua tope na kung'oa nyasi bahari huku yeye akirudi. Mvune kwa wingi, kwa reki ya mkono. Mbegu, yaani kombe wadogo wa kupandikiza, usizihamishe ovyo: magharibi mwa Canada mgeni huyuhuyu aliingia katika miaka ya 1930 akiwa amejificha kwenye mbegu za chaza kutoka Japani, na kombe wanaohamishwa hubeba pia vimelea kama Perkinsus.

Kwa mwenyeji, funga vipande vichache mahali walikosongamana. Mayai na mbegu za kiume hukutana majini, hivyo wazazi waliotawanyika ni kama hawapo. Wavunaji watalalamika kwamba umefunga penye mavuno. Waambie ndiyo, na uwaonyeshe ndoo ya pili.