Kuogelea na Watoto Nyuma ya Mwamba: Kwa Familia Zinazotoka Uganda Kwenda Pwani

Familia nyingi za Kampala na Jinja zinazokwenda Diani au Bamburi, katika pwani ya Kenya, wakati wa likizo ya Desemba zimezoea ufuo wa Entebbe, ambako maji ya ziwa hubaki pale pale tangu asubuhi hadi jioni. Baharini sivyo. Mwamba wa matumbawe ulio mbele ya fuo hizo huvunja mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi na kuacha nyuma yake maji matulivu yanayowafaa watoto, lakini hauzuii maji kujaa na kupwa, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kuanzia maandalizi yake.

Nyakati za kujaa na kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Katika siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na kupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu, na kujaa kwake huangukia mnamo saa 4 asubuhi. Kwa wenye watoto wadogo, mimi ningechagua siku za maji mafu, kwa sababu maji huwa yanajaa taratibu asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Kwa hiyo tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi, na mkifika muulizeni mvuvi yeyote saa za siku hiyo.

Wakati mzuri wa kuingia ni maji yanapojaa, kabla hayajafika juu kabisa. Yakishakupwa hubaki madimbwi kati ya mawe na majani ya bahari. Yakijaa sana, mawimbi hupita juu ya mwamba na utulivu hupungua. Na yanapokupwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Mlango hutambulika ukisimama mahali pa juu na kuutazama mstari mweupe wa povu: pale povu linapokatika na maji kuwa ya buluu iliyokolea, ndipo mashua zinapopitia, nao watoto wakae mbali kabisa na hapo. Mtu akichukuliwa na mkondo asishindane nao, bali aelee, aite msaada, kisha aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke ndani yake.

Siku yetu ya kwanza Diani tulitandika mkeka karibu na maji, kama tulivyozoea Entebbe, na tulipomaliza kula maji yalikuwa yameshachukua kandambili moja ya binti yangu. Tangu siku hiyo hutafuta kwanza ule mstari wa mwani mkavu juu ya mchanga, unaoonyesha maji yalikofika mara ya mwisho, nasi huketi juu yake.

Kila mtoto avae viatu vya plastiki vyenye kufunga vizuri, kwani matumbawe hukata, na kwenye mawe hukaa viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo. Msiwaruhusu watoto kupanda juu ya matumbawe wala kuyavunja, maana ni viumbe hai, na ndiyo yanayoujenga ule mwamba unaowakinga.

Utulivu wa maji usimfanye mzazi akae mkekani na simu. Mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima aliye umbali wa kumshika kwa mkono, hata kama maji yanamfika magotini, na ringi ya kupulizwa isitegemewe, kwa kuwa upepo huisukuma haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuikimbilia majini.

Bebeni dumu la maji baridi ya kunawa macho yanayowashwa na chumvi, na sabuni ya kuoshea michubuko ya matumbawe mara tu mtoto anapotoka majini. Mwiba uliozama ndani sana uachiwe mhudumu wa zahanati.