Jakaranda au mani planti? Kwanza niambie unaishi wapi

Wateja wanaokuja kununua miche kwangu Ngong Road, Nairobi, huuliza ipi bora. Mimi huangalia nafasi kwanza.

Unakaa ghorofani? Chukua mani planti, mmea wa kutambaa unaokaa ndani ya nyumba. Kata tawi lenye afya chini kidogo ya kifundo, pale panapochomoza kinundu cha kahawia. Hapo ndipo mizizi itatokea. Jani lisilo na kifundo litakaa majini bure. Tumbukiza kifundo kwenye glasi ya maji, majani yabaki juu, na ubadilishe maji kila wiki. Mizizi ikifika urefu wa kidole, panda kwenye mkebe uliotobolewa chini. Weka karibu na dirisha, jua kali lisiuchome, umwagilie udongo wa juu ukikauka. Ukiula unawasha mdomo, kwa hiyo utundike mbali na mtoto na paka.

Jakaranda ni ya mwenye uwanja. Hupita mita 10, basi usiipande karibu na ukuta, bomba la maji taka wala nyaya za stima. Panda masika yakianza, Machi au Aprili. Maua ya zambarau ya Oktoba utayasubiri miaka, lakini mama, kivuli chake ni raha tupu! Kiangazi cha kwanza, usiuache mche bila maji.