Likizo hii utulie ndani ya nchi au utoke nje? Amua hivi kabla hujakata tiketi

Wengi wanachagua sehemu kwanza alafu ndo wanatafuta hela, mi nakushauri uanze na sarafu. Angalia hela yako ina nguvu gani huko unakotaka kwenda, maana hiyo inahamisha watu kuliko tangazo lolote. Cheki Japani mwaka 2024, yen ilishuka sana, wageni wakamiminika karibu milioni 37, rekodi ya wakati huo, huku Wajapani waliotoka nje wakiwa wachache sana kuliko 2019 kwa sababu nje kumekuwa ghali kwao.

Ukishajua hapo, chukua simu andika hesabu mbili, ya ndani na ya nje, na usiishie kwenye nauli. Weka usafiri wa kwenda na kutoka uwanja wa ndege, begi la ziada, bima, makato ya benki ukitoa hela kule, na viza. Viza hasa! Ya Schengen, yaani viza moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ilipanda toka yuro 80 mpaka 90 Juni 2024, wanataka na bima ya kuanzia yuro 30,000, na wakikunyima hela hairudi, kwa hiyo mkiwa familia hilo pigo ni kubwa sana kabla hata hamjapanda ndege. Pasipoti nayo iangalie mapema, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele.

Alafu sasa, na hapa ndo pa muhimu kuliko kote, gawanya jumla kwa siku utakazofaidi kweli. Ukiwa na siku 5 za nje, ya kwanza inaishia kwenye foleni za uhamiaji na ya mwisho inaishia kufunga mabegi, zimebaki 3, gawanya kwa 3. Ya ndani unaweza kukuta zimebaki 4 na nusu.

Ila usidhani ndani ni rahisi siku zote, shule zikifunga hoteli zinapandisha bei vibaya mno, ukiweza sogeza wiki moja mbele au nyuma.

Na tangu 2020, mipaka ilipofungwa na safari za kimataifa zikashuka zaidi ya asilimia 70, watu wamekuwa makini na tiketi zinazobadilishika tarehe, na wako sahihi kabisa. Hesabu zako mbili zikikaribiana, chukua ile inayokuruhusu kuahirisha bila kukatwa hela, na soma masharti yake kabla hujalipa.